Deni la Ekari Nne

"Yaliyopita si ndwele, mwanangu. Tugange yajayo."

Mzee aliyesema maneno hayo alikuwa na kikombe cha chai mkono mmoja na andazi mkono wa pili, na nadhani ndiyo maana alitaka kikao kiishe upesi. Ilikuwa Desemba 2012, kijijini kwetu, mwendo wa saa moja hivi kutoka Songea mjini, chini ya mwembe aliopanda babu. Ajenda ilikuwa moja tu: shamba la marehemu baba, ekari nne za bondeni, ambalo baba yangu mdogo alikuwa ameliuza mwaka uliotangulia bila kumwambia mama wala sisi watoto. Baba alipofariki mwaka 2009, ukoo ulimpa yeye kazi ya kusimamia mirathi. Alieleza kwamba fedha alilipia madeni ya hospitali. Madeni ya hospitali nilikuwa nimeyalipa mimi, na risiti ninazo mpaka leo katika bahasha ya kaki.

Nilizitandaza mkekani. Hakuna aliyeziangalia. Shangazi akaniuliza mimi mtoto wa kike shamba la nini, na kesho ninaolewa. Mzee mwingine akaleta Biblia kwa kichwa: saba mara sabini. Kisha nikaambiwa nimpe baba mdogo mkono. Nikampa. "Nimesamehe," nikasema. Vigelegele vikapigwa, kuku akachinjwa, na mama yangu, ambaye hakuulizwa neno hata moja tangu asubuhi, akainuka kwenda kuchochea moto.

Yule kuku nilimla, lakini neno nililosema lilikuwa uongo. Nimekaa nalo miaka 11 na katika miaka hiyo nimesoma mengi kuhusu kisasi na msamaha, kama mgonjwa anavyosoma kuhusu ugonjwa wake, na kila niliposoma nilirudi palepale mkekani kwenye zile risiti.

Nianze na neno lenyewe. Sisi tukisema kisasi tunaona panga na nyumba inayowaka. Lakini neno hili tumelichukua kwenye Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu kisasi ni kitu chenye adabu: malipo yaliyo sawa na kosa, yasiyozidi hata kidogo. Waarabu wa kabla ya Uislamu husimuliwa kwamba walipigana miaka 40 katika vita vya Basus, chanzo chake ngamia jike mmoja aliyeuawa. Katika mazingira hayo, kusema "nafsi kwa nafsi, basi" ilikuwa ni kufunga breki. Ndiyo maana Kurani, katika sura ya pili, inasema jambo linalomshangaza msomaji wa haraka: kwamba katika kisasi mna uhai. Na aya inayotangulia inawafungulia wenye damu yao mlango mwingine, wa kusamehe na kupokea dia, yaani fidia ya damu, kwa wema.

"Jicho kwa jicho" nayo ilikuwa breki ya aina hiyohiyo. Kabla haijafika katika Torati ilikuwa tayari imeandikwa jiweni huko Babeli, kwenye sheria za mfalme Hammurabi, karibu miaka 1750 kabla ya Kristo. Mle ndani kuna jambo ambalo wahubiri hawalisemi sana: jicho lililolipwa kwa jicho lilikuwa la muungwana. Ukimtoboa jicho mtu wa hali ya chini ulilipa fedha, na jicho la mtumwa lililipiwa nusu ya bei yake, akapewa bwana wake. Kwa hiyo hata kipimo kilikuwa na matabaka. (Shangazi, bila kujua, alikuwa mtu wa Hammurabi: shamba la mtoto wa kike lina mizani yake.)

Na hizo saba mara sabini? Nilizichukia kwa muda mrefu kwa sababu zilitumika kunifunga mdomo. Mpaka siku moja niliposoma Mwanzo sura ya nne na kumkuta Lameki, mjukuu wa mbali wa Kaini, akijigamba mbele ya wake zake wawili kwamba ameua mtu kwa sababu ya jeraha tu, na kwamba ikiwa Kaini atalipiwa kisasi mara saba, yeye ni mara sabini na saba. Hapo nikaelewa Yesu alikuwa anajibu nini alipomwambia Petro hesabu yake. Alikuwa anaigeuza ile ya Lameki ndani nje. Lakini wazee wangu waliruka mstari mwingine, wa Luka 17, ambako agizo limepangwa kwa mfuatano: ndugu yako akikosa, mwonye, akitubu, msamehe. Kuna kuonya, kuna kutubu, ndipo kuna kusamehe. Sisi tulianza na kuku.

Kiswahili chenyewe kinajua kwamba haya ni mambo ya hesabu. Tunasema msamaha wa kodi. Tunasema amesamehewa deni. Sala ya Bwana katika Biblia ya Kiswahili, pale kwa Mathayo, inamwomba Mungu atusamehe deni zetu kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu. Lipa, halafu lipiza. Na sisi Wakatoliki, tukitoka kuungama, yale tunayopewa na padri kuyatenda tunayaita malipizi. Anayelipiza kisasi na anayetimiza malipizi wanakula kwenye mzizi mmoja wa neno, ila mmoja analipiza kwa mwili wa mwenzake na mwingine anajilipisha mwenyewe.

Sasa, deni likisamehewa lazima kwanza lijulikane ni kiasi gani. Benki haiwezi kukusamehe mkopo isioujua. Hili ndilo lililokosekana chini ya mwembe: hakuna aliyetamka "ekari nne".

Mwaka 2018 jirani yangu wa hapa Dodoma, mama mmoja Mwislamu, alinigongea mlango usiku. Alikuwa anakwenda Hija wiki ile. Akakataa kuketi. Akasema, "Jirani, tumekaa pamoja miaka sita, kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutokujua, niwie radhi." Nikaanza kucheka kwa aibu, nikamwambia hakuna kitu. Akasema kipo: aliniazima shilingi 15,000 wakati wa msiba wa mdogo wake na hakurudisha. Akazitoa kwenye pindo la khanga. Mimi nilikuwa nimeshasahau kabisa, ila yeye alikuwa na hesabu. Kwao haki ya Mungu Mungu huisamehe, lakini haki ya mja inabaki kwa mja mpaka mja mwenyewe aiachie, na hakuna Hija inayokwenda kuifuta kwa mlango wa nyuma.

Wayahudi wana kanuni iliyo karibu sana na hiyo. Maimonides, mwanasheria na tabibu wa karne ya 12 aliyeishi Misri, aliandika kwamba Siku ya Upatanisho haimsafishi mtu na kosa alilomtendea mwenzake mpaka amrudishie alichomdhulumu na kumwomba radhi. Akikataliwa, arudi na marafiki watatu, na arudi tena, na tena. Na kama aliyekosewa ameshakufa? Basi mkosaji achukue watu kumi, aende nao kaburini, aseme mbele yao: nimemkosea Mungu, na nimemkosea mtu huyu kwa jambo hili na hili. Kama kuna deni la fedha, awape warithi.

Niliposoma habari hiyo ya watu kumi nilifunga kitabu. Mama yangu alifariki mwaka 2019.

Kwa miaka karibu minane mama alikodi shamba la watu ili alime mahindi, umbali wa mwendo wa mguu wa saa nzima, na njia ya kwenda huko ilipita kando ya lile la bondeni. Hakuwahi kulalamika mbele yangu. Sijui kama alisamehe, sijui kama alikata tamaa tu. Kwa nje vitu hivyo viwili vinafanana sana. Ninachojua ni kwamba baba mdogo alipokuja msibani aliniambia, "Pole, mwanangu, kwa yote."

Pole. Tunalipenda mno neno hili, na kweli ni zuri, wageni hulisifu kwamba lugha zao hazina mfano wake. Lakini pole haina mtenda. Unampa pole aliyeungua na unampa pole aliyeunguzwa. Mwenye kiberiti naye anaweza kukupa pole, na asiwe amekiri kitu. Wanasiasa wa kwetu wanalijua jambo hili vizuri: mwaka mzima wanatoa pole, na ni nadra mno kumsikia mmoja anasema nisameheni. Kwa upande mwingine samahani tumeichakaza kwenye daladala, tunakanyagana nayo. Anayetaka kweli kubeba kosa lake kwa Kiswahili anabaki na sentensi moja tu, na ni ndefu na inauma: nilikufanyia hivi, nisamehe.

Sentensi hiyo niliisikia ikitoka Songea tarehe 1 Novemba 2023. Niliisikia kwa Kijerumani.

Nilikuwa kazini, nikaangalia kwa simu. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa amesimama Makumbusho ya Majimaji, mahali ambapo sisi watoto wa shule za Songea tulipelekwa kila Februari kuweka maua tukiwa na jua la utosi. Alikuwa amekutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni wakati wa vita vya Majimaji. Akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zetu pale.

Wasiotoka kusini huenda wanaijua Majimaji kwa maji ya Kinjeketile tu, risasi kugeuka maji, mtihani wa darasa la saba. Kwetu ni jambo la makaburi. Vita vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi na kufika Ungoni miezi michache baadaye. Agosti mwaka huohuo Askofu Cassian Spiss, mabruda wawili na masista wawili waliuawa katika nchi ya Liwale wakiwa safarini kuja Peramiho, na Septemba misheni ya Peramiho ikachomwa. Hilo nalitaja kwa makusudi, kwa sababu nimebatizwa na kupewa komunyo na wamisionari wa shirika lilelile, na kwa sababu Wajerumani nao walikuwa na marehemu wao wa kuwalipizia. Ila hawakulipiza kwa kipimo cha Hammurabi. Tarehe 27 Februari 1906 waliwanyonga pale Songea wazee na manduna zaidi ya 60 na kuwafukia katika kaburi moja. Wengi walibatizwa gerezani kwanza, wakafa Wakristo wa siku chache. Nduna Songea ana kaburi lake pembeni, na inaaminika kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Kisha jeshi likachoma maghala na mazao mashambani, likaiachia njaa imalize kazi. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja watu 75,000 kwa nchi nzima. Hesabu za wanahistoria wengine zinafika 300,000.

Kwa hiyo Mjerumani yule alikuja kuomba nini hasa, na alimwomba nani? Waliokosewa wamo kaburini. Waliokosea nao wamo makaburini kwao. Aliyesimama alizaliwa mwaka 1956, na walioketi mbele yake ni vitukuu na vilembwe. Hannah Arendt, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933, aliwahi kuandika kwamba binadamu hatuwezi kusamehe tusichoweza kuadhibu. Gavana wa mwaka 1906 hatuwezi kumwadhibu. Basi kwa Arendt hata mlango wa msamaha umefungwa, na hapo ndipo wengi mitandaoni walipomalizia mjadala: maneno matupu, walete fedha. Fedha nami nazitaka, sitajifanya mtakatifu. Shule niliyosoma bado haina maktaba.

Lakini kuna kitu kilinifanya nitoke ofisini nikasimame nje. Yule rais alitaja. Alimtaja Songea kwa jina, akataja kunyongwa, akataja kichwa, akasema watasaidia kukitafuta na kwamba hawezi kuahidi kuwa kitapatikana. Hakusema "yaliyotokea". Alikwenda na watu zaidi ya kumi kaburini, kama alivyoagiza Maimonides, akasema hili na hili. Rais wa nchi nyingine alifanya Songea kile ambacho baba mdogo, anayekaa kilomita chache kutoka pale, alishindwa kufanya kwa ekari nne.

Naongeza hapa jambo ambalo Wangoni wenzangu hawatalifurahia. Babu zetu nao walikuja kwa mkuki. Walivuka Zambezi mwaka 1835, wakafika huku, wakawatawala Wandendeule na wengine, wakawachukua vijana wao na chakula chao. Sijawahi kusikia kikao kilichoitishwa kwa ajili ya hilo. Badala yake tulipata utani, ambao kwa maoni yangu ni uvumbuzi mkubwa zaidi ya mengi yaliyoandikwa na wanafalsafa. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882. Leo Mhehe ni mtani wangu. Baba alipozikwa, mtani mmoja aliingia kaburini akalala chali akasema hazikwi mtu hapa mpaka aletewe chai na elfu kumi. Mama alicheka siku ile, mara moja tu, kwa hilo. Watu wa vita wamekuwa watu wa matusi yasiyouma. Hakuna aliyesamehe, hakuna aliyelipiza, na hesabu haijasahaulika hata kidogo: ndiyo inayotaniwa. Sidhani kama inawezekana kuipanga kwa makusudi. Huenda inahitaji miaka 100 na vifo vingi vya kawaida katikati.

Warwanda hawakuwa na miaka 100. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 magereza yalijaa, na mahakama ya kimataifa kule Arusha, katika miaka yake 20 na ushee, iliwafungulia mashtaka watu 93. Waliobaki walipelekwa kwenye gacaca, kukaa majanini mbele ya majirani, na mpaka zinafungwa mwaka 2012 mahakama hizo zilikuwa zimesikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili. Kuna waliodanganya, kuna waliolipiza kisasi kwa kusingizia, kuna mashahidi waliouawa. Hata hivyo utaratibu wake ulidai kitu ambacho kikao chetu hakikudai: mkosaji aliyetaka kupunguziwa adhabu alipaswa kusema alimuua nani, wapi, na mwili uko wapi. Afrika Kusini, kupitia Tume ya Ukweli na Maridhiano baada ya ubaguzi wa rangi, ilifanya vivyo hivyo, kinga ya mashtaka kwa kubadilishana na ukweli wote. Walioomba walikuwa zaidi ya 7,000 na waliopewa ni 849. Ni wachache kuliko watu wanavyodhani wanapoisifu ile tume kwa upole wake.

Kwetu, kila Desemba 9 na Aprili 26 Rais huwasamehe wafungwa, na Katiba, ibara ya 45, inampa uwezo huo. Mimi huwa najiuliza swali la kitoto: anasamehe deni la nani? La Jamhuri, bila shaka. Mama aliyeporwa mkoba Kariakoo hakutumiwa barua.

Hapa ndipo nilipofika nami. Kinyongo nilichokuwa nacho kwa baba mdogo kilikuwa na mafungu mawili. La kwangu, la binti aliyeaibishwa mbele ya ukoo, lilikuwa dogo na lilishaanza kuchakaa. Askofu Butler wa Uingereza, aliyehubiri sana juu ya mambo haya katika karne ya 18, aliona kwamba uchungu wa kudhulumiwa si dhambi, Mungu ametupa kama alivyotupa maumivu ya mguu ukikanyaga moto. Dhambi ni kuulea mpaka ukazidi kosa lenyewe. Langu nilikuwa nimelilea, nakiri. Fungu la pili lilikuwa la mama, na hilo halikuwa langu kulisamehe.

Krismasi ya 2023 nilikwenda nyumbani. Baba mdogo sasa ana miaka 74, jicho moja limeingia ukungu, anatembea na fimbo. Alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kigoda jikoni ambako siku hizi anapika mke wa mdogo wangu. Tukazungumza mvua. Tukazungumza bei ya mbolea. Kisha akaniuliza kama nilimwona yule rais wa Wajerumani kwenye televisheni. Nikasema nilimwona.

"Alijitahidi," akasema. Akanyamaza. "Lile shamba nililiuza milioni mbili na laki nne. Nilinunua pikipiki. Iliibwa Makambako mwaka uleule."

Sikujua kuhusu pikipiki. Nilitaka kucheka na nilitaka kumrushia sufuria.

"Nilimkosea mama yako," akasema. "Nisamehe."

Nikamwambia langu limekwisha, lakini la mama siwezi kumpa, sina mamlaka nalo. Nikamsimulia habari ya yule tabibu wa Misri na watu kumi. Alisikiliza kwa makini sana, kama anayesikiliza masharti ya mkopo.

"Kumi nitawatoa wapi, mama?" akasema. "Wenzangu wote wamekufa."

Tulikwenda kesho yake asubuhi, kwa bodaboda, yeye katikati na mimi nyuma nikimshikilia asianguke. Nyasi zilikuwa zimeota juu ya kaburi. Alianza kuzing'oa kwa mkono, akiinama kwa shida, nami sikumsaidia. Alipomaliza alivua kofia akaiweka chini. Kijana wa bodaboda, aliyekuwa anatusubiri barabarani na muziki wake juu, aliona kitu, akauzima.

"Shemeji," baba mdogo akasema. "Zilikuwa ekari nne."